Si Rangi Pekee: Kaniki, Kanga na Buibui katika Ujenzi wa Kujiamini Kijamii Mjini Zanzibar, 1897–1950

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna rangi za nguo na mtindo binafsi wa kuvaa vinavyoathiri hali ya mtu kujiamini mbele ya watu. Uchunguzi umejikita katika mji wa Zanzibar katika miongo iliyofuata amri ya kukomesha utumwa ya mwaka 1897, kipindi ambacho wanawake waliotoka utumwani waliacha kaniki, wakavaa kanga, na baadaye wakajitanda buibui. Hoja kuu ni kwamba rangi haina nguvu ya kumpa mtu kujiamini kwa yenyewe. Nguvu hiyo huzaliwa pale masharti matatu yanapotimia: mvaaji awe na hiari ya kuchagua, hadhira iweze kulisoma vazi kwa maana anayoikusudia, na vazi limpe stara. Ushahidi mkuu wa hoja hii ni rangi ya giza yenyewe, ambayo katika kaniki ilikuwa alama ya unyonge na katika buibui ikawa alama ya heshima. Makala yanahitimisha kwa kuonesha maana ya matokeo haya kwa utafiti wa mavazi katika jamii za Waswahili wa leo.

Istilahi za msingi: kaniki, kanga, buibui, kujiamini, heshima, stara, umaridadi

1.0 Utangulizi

Uhusiano wa nguo na hali ya kujiamini ni suala linalozungumzwa sana nje ya vyuo kuliko ndani yake. Washauri wa mavazi huwaambia wateja wao kwamba nyekundu huonesha ujasiri, buluu huonesha utulivu na nyeusi huonesha mamlaka. Kauli za namna hii zinaichukulia rangi kana kwamba ni dawa: mtu huimeza, nayo humfanyia kazi mwilini bila kujali yuko wapi, yuko na nani, wala nguo hiyo aliipataje. Aidha, zinakuchukulia kujiamini kuwa mali ya mtu mmoja mmoja, kitu kinachokaa moyoni mwake na kinachoweza kuongezwa au kupunguzwa kwa kubadili shati.

Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kutumia historia ya pwani ya Afrika Mashariki. Mji wa Zanzibar baada ya mwaka 1897 unatupatia mfano ambao ni nadra kuupata kwingine: kundi kubwa la watu walioishi chini ya masharti makali ya nini wavae na nini wasivae, kisha katika muda wa maisha ya kizazi kimoja wakapata nafasi ya kujichagulia. Katika mazingira kama hayo, mtafiti anaweza kuona waziwazi ni kitu gani hasa katika vazi kilichobadilisha namna watu walivyosimama, walivyotembea na walivyozungumza mbele ya wenzao.

Dhana ya kujiamini kijamii, kama inavyotumika hapa, ina maana ya uwezo wa mtu kujitokeza mbele ya wengine akiwa na matarajio kwamba atapokelewa kama mtu anayestahili kupokelewa. Fasili hii inaweka matarajio ya mapokezi katikati ya dhana. Anayejiamini ana sababu ya kutarajia kwamba salamu yake itaitikiwa, kwamba hatafukuzwa barazani na kwamba hatachekwa. Hivyo basi, kujiamini hakuwezi kuchunguzwa bila kuwachunguza wale wanaomtazama.

Makala yamejengwa juu ya tafiti za kihistoria zilizochapishwa kuhusu Zanzibar na pwani, pamoja na uchambuzi wa msamiati wa Kiswahili unaohusu rangi na uvaaji. Lugha imechukuliwa hapa kuwa ushahidi kamili na si pambo, kwa sababu imehifadhi hukumu za kijamii ambazo nyaraka za serikali hazikuziandika.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Tafiti za kisaikolojia zimetoa matokeo mawili yanayohusu mjadala huu moja kwa moja. La kwanza ni la Hajo Adam na Adam Galinsky (2012), ambao walidai kwamba nguo huathiri fikra za mvaaji kupitia maana inayobebwa na nguo hiyo. Katika majaribio yao, washiriki waliovaa koti jeupe walilolijua kuwa la daktari walikuwa makini zaidi kuliko wale waliovaa koti hilo hilo wakiwa wameambiwa ni la mchoraji. Kitambaa kilikuwa kimoja na rangi ilikuwa moja; kilichotofautiana ni jina. Ni kweli kwamba jaribio la kwanza la watafiti hao liliporudiwa na watafiti wengine mwaka 2019 halikutoa matokeo yale yale, na kwa hiyo ukubwa wa athari hiyo unapaswa kutajwa kwa tahadhari. Hata hivyo, swali walilolizusha linabaki na uzito: je, mvaaji anavaa rangi, au anavaa maana?

Matokeo ya pili yanatoka katika michezo. Russell Hill na Robert Barton (2005) walichunguza ndondi, taekwondo na mieleka katika Michezo ya Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004, ambako wachezaji hupangiwa nyekundu au buluu bila kuchagua. Waligundua kwamba waliovaa nyekundu walishinda takriban asilimia 55 ya mapambano. Wengi waliyapokea matokeo haya kama ushahidi kwamba nyekundu humwongezea mvaaji ujasiri. Lakini mwaka 2008 Norbert Hagemann na wenzake waliwaonesha waamuzi 42 wa taekwondo picha za mapambano yale yale, huku rangi za wachezaji zikiwa zimebadilishwa kwa kompyuta. Mchezaji aliyeonekana katika nyekundu alipewa pointi nyingi zaidi, kwa takriban asilimia 13, ingawa mateke yake hayakubadilika hata kidogo. Maana yake ni kwamba angalau sehemu ya nguvu ya rangi ilikuwa katika jicho la mwamuzi.

Matokeo haya yanakubaliana na nadharia ya Erving Goffman (1959), ambaye aliyafananisha maisha ya kila siku na jukwaa ambapo kila mtu hujionesha kwa hadhira kwa namna anayotaka aeleweke. Vazi ni sehemu ya maonesho hayo. Maonesho hufaulu pale hadhira inapoyakubali, nayo hushindwa pale inapoyakataa, hata kama mwoneshaji amejitahidi kiasi gani.

Pamoja na manufaa yake, nadharia ya Goffman inamchukulia mwoneshaji kuwa mtu aliye huru kuchagua vazi lake. Kwa historia ya pwani, dhana hiyo haitoshi. Ndiyo maana makala haya yanaongeza dhana mbili kutoka ndani ya utamaduni wenyewe: hiari na stara. Hiari inahusu nani aliyelichagua vazi. Stara inahusu hali ya mtu kufunikwa na kuhifadhiwa, kimwili na kiheshima, asifedheheke mbele ya watu. Waswahili husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii inatambua jambo ambalo majaribio ya maabara hayakulipima: vazi laweza kuwa zuri, na hadhira yaweza kulisifu, lakini mvaaji asiyelimiliki huendelea kuogopa saa ya kudaiwa.

3.0 Rangi na Umaridadi katika Msamiati wa Kiswahili

Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya vivumishi vya rangi inayochukua viambishi vya ngeli kwa ukamilifu: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema nguo nyeupe, kitambaa cheusi, mashuka mekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kuazima jina la kitu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, manjano kutokana na bizari, zambarau kutokana na tunda. Nyingine zimeletwa na biashara na maingiliano ya lugha, kama vile samawati na buluu. Nyingine zimebuniwa kwa taswira, kama damu ya mzee, jina linalotumika kwa nyekundu iliyoiva ikikaribia hudhurungi.

Mpangilio huu una maana katika uvaaji. Rangi tatu zenye mizizi ya asili ndizo zilizobeba uzito wa kiibada na kimila. Ndizo rangi za vitambaa vinavyotakiwa katika uganga wa sehemu nyingi za pwani na bara, na ndizo rangi za kisutu, kanga yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo kwa desturi huvaliwa katika harusi. Victor Turner (1967), alipochunguza ibada za Wandembu wa Zambia, alionesha kwamba utatu huu wa rangi hupanga maana nyingi za maisha, na kwamba rangi moja yaweza kubeba maana zinazopingana kulingana na muktadha. Pwani hali ni hiyo hiyo. Nyeupe ni rangi ya kanzu ya Ijumaa, na pia ni rangi ya sanda. Kwa hiyo, anayeuliza nyeupe ina maana gani kwa Waswahili ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni: imevaliwa na nani, lini, na mbele ya nani?

Msamiati wa mtindo nao una ngazi zake. Nadhifu ni mtu msafi, hata kama nguo yake imechakaa. Mtanashati ni nadhifu aliyeongeza mpangilio. Maridadi amevuka hapo akaingia katika mapambo na upatanifu wa rangi. Mlimbwende amelifanya vazi kuwa shughuli yake, na neno hili huweza kuwa sifa au kejeli kulingana na anayelitamka. Upande wa pili kuna maneno ya kukemea: kujitia, kujishaua, kuringa. Mtu anayekemewa kwa maneno haya huwa hajakosea rangi. Kosa analodaiwa ni kuvaa zaidi ya nafasi ambayo watu wamemkadiria. Msamiati, kwa hiyo, unaonesha kwamba jamii hulipima vazi pamoja na mwenye kulivaa, na kwamba kibali cha kuwa maridadi hutolewa na wengine.

4.0 Kutoka Kaniki hadi Buibui

*4.1 Kaniki: rangi bila hiari*

Katika karne ya 19 kitambaa kilichotawala soko la Zanzibar kilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na wafanyabiashara wa Salem. Biashara hiyo ilipewa nguvu na mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, nayo ilitikiswa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865, ambavyo viliwapa nafasi wauzaji wa nguo za Uingereza na Bombay. Kaniki ilikuwa pamba ya aina hiyo iliyotiwa nili hadi ikawa buluu iliyoiva sana, kiasi kwamba watu waliiita nyeusi.

Merikani na kaniki zilikuwa nguo za bei nafuu, nazo ndizo walizopewa watumwa. Laura Fair (2001), katika utafiti wake juu ya Zanzibar, ameeleza jinsi mavazi yalivyotenganisha tabaka: wanaume watumwa walijifunga kitambaa kiunoni, na wanawake walijifunga kipande cha merikani au kaniki chini ya makwapa. Kufunika kichwa na kuvaa viatu vilihesabiwa kuwa alama za uungwana, na mtumwa hakutarajiwa kuwa navyo mbele ya bwana wake.

Ni muhimu kutambua kwamba kaniki haikuwa na aibu katika rangi yake. Ilikuwa nguo imara, isiyoonesha uchafu upesi, na iliyofaa kwa kazi ya shamba. Aibu iliingia kwa sababu aliyeivaa hakuichagua, na kwa sababu kila aliyemwona alijua kwamba hakuichagua. Kwa lugha ya nadharia iliyoelezwa hapo juu, hadhira iliisoma vizuri mno. Mvaaji hakuwa na njia ya kusema jambo lingine juu yake mwenyewe, kwa kuwa vazi lilikwisha kusema kabla hajafungua kinywa.

*4.2 Kanga: rangi kwa hiari*

Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa visiwani Zanzibar, ingawa masuria hawakuingizwa katika masharti yake hadi mwaka 1909. Wengi wa waliopata uhuru walihamia mjini, hasa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari ulioitenga na Mji Mkongwe. Mali yao ilikuwa chache, lakini Fair anaonesha kwamba mojawapo ya mambo ya mwanzo waliyoyafanya ni kubadili mavazi. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliiacha kaniki wakanunua kanga.

Kanga yenyewe ilikuwa bado changa. Simulizi mashuhuri inaeleza kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizouzwa zikiwa zimeungana katika jora, wakakata vipande na kuviunga upya ili kupata nguo moja pana yenye nakshi. Jina leso lina asili ya Kireno, na jina kanga huhusishwa na madoadoa ya ndege huyo. Baadaye wafanyabiashara walianza kuagiza nguo zilizochapwa tayari kwa umbo hilo kutoka viwanda vya ng'ambo, na umbo la doti lenye pindo, mji na jina likakamilika.

Tofauti ya kanga na kaniki haiishii katika wingi wa rangi. Kaniki ilikuwa moja kwa wote. Kanga ilikuja kwa nakshi nyingi, na nakshi hizo zilibadilika kila mara, hivyo kila aliyeingia dukani alilazimika kuamua. Mwanamke aliyekuwa amegawiwa kipande cha nguo na bwana wake sasa alisimama mbele ya mwenye duka, akaikunjua doti, akaikataa, akaomba nyingine. Jeremy Prestholdt (2008) ameonesha kwamba hata kabla ya kipindi hiki walaji wa Afrika Mashariki waliwalazimisha wenye viwanda wa mbali kufuata matakwa yao, kwani nguo isiyopendwa haikununuliwa. Wanawake wa Ng'ambo waliingia katika mkondo huo wakiwa walaji kamili. Kitendo cha kukataa nakshi fulani kilikuwa kidogo, lakini kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na haki ya kukataa kilikuwa mafunzo ya kujiamini.

Kwa kuongezewa jina, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji, kanga ilimpa mvaaji uwezo mwingine. Rose Marie Beck (2001) ameeleza jinsi maneno hayo yanavyomwezesha mwanamke kusema jambo bila kulisema. Mwenye kanga anaweza kumfikishia jirani ujumbe, kisha akaulizwa, naye akajibu kwamba amevaa nguo tu. Utata huu ni kinga. Unampa nafasi ya kujitokeza mtu ambaye kauli yake ya mdomo ingemponza.

*4.3 Buibui: weusi ule ule, maana nyingine*

Laiti hadithi ingeishia kwenye kanga, mtu angeweza kuhitimisha kwamba rangi za kung'aa zilileta kujiamini na rangi ya giza iliuondoa. Buibui linabatilisha hitimisho hilo. Vazi hili jeusi, lililomfunika mwanamke tangu kichwani hadi miguuni, lilienea mjini Zanzibar katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na wanawake wenye asili ya utumwa walilivaa pamoja na wale wa nasaba zilizoheshimiwa. Kwa macho ya mtu asiyeijua jamii hiyo, mwanamke aliyetoka kaniki akaingia buibui alikuwa amerudi katika giza lile lile aliloliacha.

Kwa macho ya wenyeji haikuwa hivyo. Zamani, kujifunika kulikuwa fursa ya wanawake waungwana, na mtumwa alizuiwa fursa hiyo. Aliyejitanda buibui alidai kwamba naye ana mwili unaostahili kusitiriwa na jina linaloweza kuharibiwa. Aidha, chini ya buibui haikuwa rahisi kwa mpita njia kumtambua binti wa nani ndiye huyu, wala mama yake alikuwa mtumwa wa nyumba ipi. Vazi lililomficha mvaaji lilificha pia historia ambayo wengine wangependa kumkumbusha. Kwa njia hiyo lilimpa uhuru wa kutembea mitaani akiwa na stara.

Elisabeth McMahon (2013), akichunguza Pemba katika kipindi hicho hicho, anaeleza kwamba maana ya heshima ilihama: kutoka hadhi iliyotokana na nasaba na mamlaka, ikaelekea kwenye mwenendo ambao hata mtu wa chini aliweza kuudai. Buibui linaingia vizuri katika maelezo hayo. Kaniki na buibui zilikaribiana kwa rangi, lakini zilitofautiana katika masharti yote matatu. Ya kwanza iligawiwa, ilisomwa kuwa unyonge, na iliacha mabega na kichwa wazi. Ya pili ilichaguliwa, ilisomwa kuwa heshima, na ilisitiri. Kama rangi ingekuwa ndiyo kisababishi, matokeo yangekaribiana.

5.0 Mipaka ya Vazi: Kejeli na Gharama

Itakuwa kosa kudai kwamba kubadili nguo kulitosha kumbadili mtu mbele ya jamii. Hadhira iliyozoea kumwona mtu katika kaniki haikusahau upesi. Mfano ulio wazi ni maisha ya Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika familia yenye asili ya utumwa, akapewa jina Mtumwa. Alifanya kazi ya kuuza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Jina Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, jambo linaloonesha nafasi aliyoifikia kabla ya kufariki mwaka 1950.

Pamoja na umaarufu huo, beti za dhihaka zilitungwa dhidi yake, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni kaniki aliyoingia nayo mjini. Wadhihaki hawakutafuta kasoro katika vazi alilokuwa nalo wakati huo. Walirudi nyuma wakamvua, kwa maneno, ili wamwoneshe katika vazi la zamani. Jibu lake, alilolitoa kwa wimbo, halikujitetea kwa nguo mpya wala kwa uzuri wa sura. Liliuhamisha mjadala kwenye akili na mwenendo wa mtu. Kwa mtafiti, tukio hili lina mafunzo mawili. Kwanza, hadhira yaweza kukataa kulisoma vazi jipya hata linapokuwa limevaliwa kwa haki. Pili, kujiamini kulikokomaa hutafuta nguzo nyingine pembeni ya vazi, hasa vazi linapokuwa uwanja wa mashambulizi.

Mpaka mwingine ni gharama. Mabadiliko ya haraka ya nakshi za kanga yaliyompa mwanamke hiari yalimletea pia wajibu mpya. Doti ya msimu uliopita ilimtambulisha mvaaji kuwa hana uwezo wa kununua ya msimu huu. Hiari iliyotegemea fedha ilizaa ngazi mpya ya aibu, iliyojengwa juu ya uwezo badala ya nasaba. Hivyo, kanga ilibomoa ukuta mmoja na kujenga mwingine, ingawa ukuta wa pili ulikuwa na mlango: aliyepata fedha aliweza kupita, jambo ambalo nasaba haikuliruhusu.

6.0 Mjadala: Maana kwa Utafiti wa Leo

Matokeo haya yana maana katika namna tunavyochunguza mavazi ya sasa. Chukua mfano wa sare za harusi, desturi iliyoenea katika miji ya Tanzania na Kenya, ambapo ndugu na marafiki hutakiwa kununua kitambaa cha rangi moja. Anayeuliza kwa dodoso kama waliovaa sare walijisikia vizuri atapata majibu ya ndiyo kutoka kwa wengi, na atahitimisha kwamba rangi ya sare huongeza kujiamini. Dodoso hilo halitamfikia yule ambaye hakwenda harusini kwa sababu hakuwa na fedha za kitambaa, wala halitamtambua aliyekopa ili asionekane peke yake katika rangi tofauti. Sare ya aina hii ina hadhira inayoisoma kwa wema, lakini hiari yake ina mashaka, na stara yake imeazimwa.

Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba utafiti wa rangi na kujiamini katika jamii zetu usianze na swali la rangi gani humfanya mhojiwa ajisikie imara. Uanze na maswali matatu. Nguo hii ilichaguliwa na nani, na mvaaji angeweza kuikataa bila kudhurika? Waliomwona waliielewa kuwa nini? Je, ilimwacha akiwa amehifadhika, au akiwa na deni au hofu ya kufedheheka? Majibu ya maswali haya yakipatikana, rangi itaonekana katika nafasi yake halisi, yaani alama ambayo uzito wake hutegemea mikono iliyoitoa na macho yaliyoipokea.

Kuna pia suala la haki. Mtazamo unaokuweka kujiamini ndani ya mtu pekee humlaumu asiyejiamini: angevaa vizuri zaidi, angechagua rangi inayomfaa, mambo yake yangenyooka. Historia ya Zanzibar inaonesha kwamba mwanamke katika kaniki hakuwa na upungufu wa moyo. Alipopata nafasi ya kuchagua, alichagua upesi, na kwa ustadi ambao wafanyabiashara walilazimika kuufuata. Kilichokosekana kabla ya hapo kilikuwa nafasi yenyewe, na nafasi hiyo ilikuwa imeshikiliwa na wengine.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba athari ya rangi na mtindo wa mavazi juu ya kujiamini kijamii hupitia katika mahusiano ya watu. Ulinganisho wa kaniki na buibui umethibitisha kwamba rangi zinazokaribiana zinaweza kuzaa unyonge au heshima kulingana na hiari, usomaji wa hadhira na stara. Kanga imeonesha kwamba tendo la kuchagua lilikuwa na uzito sawa na nakshi iliyochaguliwa, na maisha ya Siti binti Saad yameonesha kwamba hata vazi lililovaliwa kwa haki huweza kukataliwa na hadhira isiyotaka kubadilika. Uwanja unaobaki wazi kwa utafiti zaidi ni mavazi ya wanaume wa kipindi hicho, hasa kanzu na kofia, ambayo yamepewa nafasi ndogo hapa. Ulinganisho wa Zanzibar na Mombasa na Lamu, ambako utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1907 chini ya mazingira tofauti, utasaidia kupima kama masharti matatu yaliyopendekezwa yanasimama nje ya visiwa.